Makuli wa Dar es Salaam Hawakuwa na Fomu ya Kujaza, Wewe Unayo

Sisi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, tukienda kutoa elimu kwenye mashamba ya chai Mufindi au viwanda vya mbao Mafinga, hakosekani mtu wa kusimama nyuma na kuuliza: "Mbona makuli wa bandarini waligoma bila kuandikia mtu barua, na mshahara ukapanda?" Watu hupiga makofi. Miezi hii tunapokea makundi yanayofika ofisini baada ya kugoma, si kabla, na wengi wao wanakuja na hoja hiyohiyo. Nimeona niijibu kwa maandishi.

Makuli wanatajwa sana lakini habari zao zinajulikana kidogo. Bandari ya Dar es Salaam enzi za Mwingereza ilitegemea vibarua. Mtu anakwenda getini alfajiri; meli ikiwepo anachukuliwa, isipokuwepo anarudi nyumbani na njaa yake. Julai 1939 vibarua hao waligoma wakidai nyongeza ya ujira wa siku, wakarudi kazini mikono mitupu. Mwaka 1943 wakagoma wale wa kudumu. Tarehe 6 Septemba 1947 ndipo walipoacha kazi wote pamoja, kibarua na wa kudumu, na mgomo ukapanda na reli hadi Morogoro, Kongwa, Tabora na Mwanza. Serikali ikaunda baraza la kuamua mgogoro, na mishahara ikaongezwa. Hapo muulizaji wangu ana haki: walipata, na chama chao kilizaliwa na mgomo ule, si mgomo kuzaliwa na chama.

Lakini masimulizi ya vijiweni hukomea 1947. Baada ya mgomo, wakubwa walitaka makuli waandikishwe na waitwe kazini kupitia kituo kimoja chenye udhibiti. Ukilitazama kwa macho ya leo, kuandikishwa ni jambo jema. Kibarua wa wakati ule aliona mtego: akishaandikwa, ataamriwa lini aje na lini asije, na uhuru wake wa kuchagua siku umekwisha. Februari 1950 wakagoma tena. Zamu hii palikuwa na vurugu, polisi wakafyatua risasi, na mwaka huohuo chama kikavunjwa. Makuli walikaa miaka bila chama. Hilo silisikii mikutanoni.

Tukumbuke pia kwamba wakati ule mlango mwingine haukuwepo. Sheria ya vyama vya wafanyakazi ilitungwa 1932, lakini kuwa na sheria na kuwa na mahali pa kupeleka lalamiko lako ni vitu viwili. Idara ya Kazi yenyewe, iliyoanzishwa 1926, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakati wa mdororo wa uchumi, ikaja kufufuliwa baadaye. Wazee wa huku Nyanda za Juu wanalijua hili kwa njia yao. Waliokwenda Lupa kwenye dhahabu, waliochukuliwa na Wenela kwenda migodi ya Afrika Kusini, walioandikishwa Njombe na Iringa kwenda mkonge wa Tanga wakaitwa manamba, wote walijua kipande ni nini: kadi ya siku 30 za kazi, na siku nyapara asipoikubali haihesabiwi. Kutoroka kabla ya mkataba kwisha lilikuwa kosa la jinai. Mtu wa namna hiyo akigoma, siwezi kumwuliza kwa nini hakujaza fomu.

Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, liliundwa 1955 na Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu wake wa kwanza. Mwaka 1964 likavunjwa, ikaja NUTA, chama kimoja kwa nchi nzima, na katibu mkuu wake Michael Kamaliza alikuwa papo hapo waziri wa kazi. Nadhani ndiko ilikotoka dhana kwamba chama ni idara ya serikali na makato ni kodi. Si hivyo tena, na si hivyo kwa muda mrefu sasa. Mwajiri hakukati ada ya uanachama mpaka utie sahihi fomu ya kuridhia, na unaweza kujitoa kwa taarifa ya maandishi ya mwezi mmoja. Akishakata, anatakiwa kuiwasilisha kwa chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Akichelewa bila sababu ya msingi, anadaiwa asilimia 5 ya deni kwa kila siku inayopita. Kwa kila siku, si kwa mwezi. Waajiri, nanyi someni hapo mara mbili.

Sasa mgomo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inautambua kuwa ni haki. Hakuna afisa anayeweza kukuambia kugoma ni uhalifu. Ila haki hiyo ni kwa mgogoro wa maslahi tu, yaani mnadai kitu ambacho bado hamna: nyongeza, posho mpya, mpangilio mpya wa zamu. Kama mshahara wa miezi miwili haujalipwa, hilo ni lalamiko. Ni haki yako tayari, na inadaiwa kwa usuluhishi, kisha uamuzi. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanagoma kwa jambo ambalo wangelishinda wakiwa wamekaa kwenye kiti, na mgomo wenyewe unageuka kosa la kinidhamu linalompa mwajiri silaha.

Kwa mgogoro wa maslahi, shauri hupelekwa kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu iliyowekwa. Usuluhishi una siku 30. Wafanyakazi wasipohudhuria kikao, msuluhishi anaweza kuongeza siku 30 nyingine. Asipohudhuria mwajiri, anaweza kuufupisha. Muda ukiisha bila mwafaka, chama kinapiga kura kwa katiba yake, wengi wa waliopiga wakubali, kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Mgomo ukiwa halali hufukuzwi kwa kushiriki, ila mwajiri halazimiki kulipa siku ambazo hukufanya kazi. Kumfungia meneja ndani ya ofisi hakuruhusiwi, wala kumzuia getini asiingie. Najua inafanyika. Hairuhusiwi. Naye mwajiri haruhusiwi kuleta watu wa badala katika mgomo halali. Walio kwenye huduma muhimu, kama maji, umeme, afya na zimamoto, wana utaratibu wao tofauti; watuulize kabla ya kugoma.

Na vibarua? Neno hilo linaogopesha watu bure. Ikiwa umemfanyia mtu kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 iliyopita, sheria inakuchukulia kuwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo, hata kama daftari lake linakuita "wa kutwa". Mpakia mbao wa Mafinga ana kinga ambayo kuli wa 1939 hakuwa nayo. Anachokosa mara nyingi ni kumbukumbu, basi andika siku zako na ujira wako mwenyewe, hata kwenye daftari la shule la mtoto.

Ukiachishwa kazi, una siku 30 kufungua shauri, zinazohesabiwa tangu siku ya kuachishwa au siku mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Migogoro mingine ni siku 60. Ukichelewa kuna fomu ya kuomba kuongezewa muda, lakini utaeleza sababu, na "nilikuwa nasubiri mzee alainike" si sababu. Fomu namba moja, yaani ya kufungulia shauri, inapelekwa kwa mwajiri kwanza, anasaini kupokea, ndipo inasajiliwa kwetu pamoja na uthibitisho huo. Akikataa kusaini, tueleze tukuelekeze njia nyingine ya kumfikishia. Na shauri husikilizwa lilikotokea. Kama uliachishwa Dar es Salaam ukarudi Tukuyu kupumzika kwa ndugu, usisubiri hadi siku ya 29 kuja Mbeya mjini kutuuliza.