Mkono Mmoja Unapoachia: Kusanifu Upya Pedi ya Wii U

Pedi yoyote ya gemu yenye skrini ya kugusa katikati ina wakati wake mgumu mmoja: pale mchezaji anapoachia mkono mmoja ili aguse skrini, na mkono uliobaki unabeba kila kitu. Pedi ya Wii U, mashine ya gemu ambayo Nintendo ilianza kuiuza Novemba 2012, ina uzito wa takriban gramu 500 na upana wa milimita 255. Ishike kwa mkono mmoja ikiwa imelala, kiganja kikiwa kama milimita 30 kutoka ukingoni. Kitovu cha uzito kiko milimita 97 hivi kutoka kwenye mshiko, kwa hiyo kifundo cha mkono kinapambana na nguvu ya kuzungusha ya karibu nyutoni-mita 0.47. Ukibonyeza katikati ya skrini kwa nguvu ya nyutoni 1, unaongeza nyingine 0.1. Linganisha na Switch, mashine ya Nintendo ya mwaka 2017: skrini ni inchi 6.2 vilevile, lakini ikiwa na Joy-Con zake (vishikio vya pembeni) ina gramu 398 na upana wa milimita 239. Hesabu ileile inatoa 0.35, yaani pungufu kwa karibu robo. Hiyo robo ndiyo ninayoitafuta katika usanifu mpya, na karibu kila uamuzi mwingine, hata wa aina ya tachi (mfumo wa kuhisi mguso), unapaswa kupimwa kwayo.

Nintendo wenyewe waliligusa jambo hili kabla ya kuingia sokoni. Mwaka 2011, pedi ilipoonyeshwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya gemu ya E3 mjini Los Angeles, ilikuwa na visahani vya kuteleza kama vya 3DS, mashine ya mkononi ya Nintendo. Juni 2012 ikarudi na stiki zinazobonyezeka na mgongo ulioundwa upya ili vidole vipate pa kushika vizuri. Watu wengi walizungumzia stiki. Mimi naona badiliko kubwa lilikuwa nyuma: ukingo wa mgongoni unaviruhusu vidole kubeba pedi karibu zaidi na katikati. Kila milimita 10 unazosogeza tegemeo kuelekea katikati zinapunguza kama asilimia 10 ya mzigo wa kifundo, bila kuondoa hata gramu moja.

Kwa hiyo ukingo huo ningeubakiza na kuurefusha uingie ndani zaidi. Halafu ningeweka betri ndani yake. Betri ya asili ni ya mAh 1500 kwa volti 3.7, yaani watt-saa 5.55, na inadumu saa 3 hadi 5. Maana yake pedi inakula wati 1.1 hadi 1.85 kutegemea mwanga wa skrini. Betri kubwa iliyouzwa baadaye, ya mAh 2550, inaingia kwenye nafasi ileile na kutoa saa 5 hadi 8, jambo linalolingana kabisa na hesabu hiyo. Seli moja ya litiamu ya aina ya 18650 yenye mAh 3000 ina takriban watt-saa 10.8, gramu 45 hadi 48 na kipenyo cha milimita 18. Inalala vizuri ndani ya ukingo na inatosha saa 5 na zaidi hata skrini ikiwa na mwanga wote.

Wengi wanaochora pedi mpya hukimbilia seli mbili, moja kila upande, wakiamini mkono utapumzika. Haupumziki. Ukigawa uzito sawasawa kushoto na kulia, kitovu kinabaki katikati palepale. Kinachoongezeka ni ugumu wa kuigeuza pedi haraka, na hilo mchezaji wa gemu za kuinamisha pedi atalihisi upesi. Tena seli mbili za sambamba zinataka uangalifu: zikipishana volti 0.3 wakati wa kuunganishwa, na ukinzani wao wa ndani kwa jumla ukiwa om 0.1 hivi, ampea 3 zitapita ghafla kutoka moja kwenda nyingine. Kama huna budi, zichaji kwanza mpaka tofauti iwe chini ya volti 0.02, na tumia seli za kundi moja. Iwe moja au mbili, weka mbali na aisi (chipu) inayofungua video inayopokelewa kutoka kwenye mashine, kwa sababu hupaswi kuichaji seli ya litiamu ikiwa imepita nyuzi 45 za Selsiasi.

Sasa tachi. Ya asili ni ya rezistivu yenye waya nne: filamu juu, kioo chini, vyote vimepakwa tabaka jembamba linalopitisha umeme, na vinundu vidogo vinavyotenganisha. Ukibonyeza, tabaka zinagusana. Pedi inapitisha volti kwenye tabaka moja na kuisoma kwenye jingine, kisha inabadilishana. Inasoma nukta moja tu. Ukiweka vidole viwili, inatoa nukta ya uongo iliyo katikati yao.

Kuipima ni rahisi ukiwa na multimita. Kati ya waya mbili za tabaka moja utapata om 200 hadi 900. Kati ya waya wa tabaka la juu na wa chini, bila kugusa, usipate kitu kabisa. Ukipata kilo-om chache bila kugusa, tabaka zimeshikana, mara nyingi kwa sababu gundi ya pande mbili imebanwa na fremu au unyevu umeingia pembeni. Ukipata njia iliyokatika kwenye tabaka moja, angalia mkunjo wa fleksi (waya bapa unaokunjika) kwanza, kisha kingo za filamu, kwani lile tabaka ni kavu kama kigae na huanza kupasuka pale filamu inapokunjwa zaidi, yaani pembezoni.

Ukibaki na rezistivu katika usanifu mpya, kazi kubwa iko kwenye usomaji. Eneo la skrini ni milimita 137 kwa 77, na pikseli 854 kwa 480 zinafanya kila pikseli kuwa milimita 0.16. Kisomaji cha biti 12, kinachogeuza volti kuwa namba, kinakupa hatua takriban 3700 zinazotumika kwa upana, hivyo pikseli moja ni hatua nne na kidogo. Kelele ya hatua nne inatosha kuitingisha mistari ya anayechora. Kepasita za kuchuja zinasaidia, ila zina bei: om 500 na nanofaradi 10 ni mikrosekunde 5, na ili thamani itulie kwa usahihi wa biti 12 unasubiri mara tisa ya hapo, yaani mikrosekunde 45, kila unapobadili kutoka X kwenda Y. Anayesoma mapema hupata mistari iliyopinda kuelekea nukta iliyotangulia. Soma mara 7, tupa kubwa mbili na ndogo mbili, chukua wastani wa zilizobaki. Na hakikisha mguso upo kabla ya kusoma na baada ya kusoma. Ikiwa mguso uliondoka wakati wa kusoma, tupa usomaji wote. Bila hilo, kila mstari utaishia na mkia unaorukia pembeni.

Tachi ya kapasitivu, inayohisi kidole kwa uwanja wa umeme, inaondoa kubonyeza, na hilo linapunguza ule mzigo wa ziada wa kifundo karibu wote. Ndiyo sababu yangu kuu ya kuichagua, hata kabla ya vidole vingi. Aisi ya GT911 ni chaguo zuri kwa ukubwa huu: inasoma vidole 5 na ina njia za kuhisi 26 kwa 14. Zikitandazwa kwenye eneo letu zinapishana milimita 5.3 kwa upana na 5.5 kwa kimo, na kidole cha mtu mzima kinafunika zaidi ya njia moja, kwa hiyo nafasi yake inakadiriwa vizuri. Kalamu yenye ncha ya milimita 1 haitaonekana kabisa. Gemu iliyotegemea kuchora kwa kalamu nyembamba itapata hasara, na vitufe vya skrini vitahitaji upana wa milimita 9, yaani pikseli 56 kwenye skrini ya zamani.

GT911 ina mitego miwili inayowapotezea watu muda. Anwani yake kwenye I2C, waya za mawasiliano kati ya aisi, huamuliwa wakati wa kuwashwa: waya wa INT (wa kuashiria mguso) ukiwa na volti ya chini inakuwa 0x5D, ukiwa na ya juu inakuwa 0x14. Ukiuacha bila kuushika, leo itajibu na kesho haitajibu. Pili, ukishasoma rejista ya hali (sehemu ya kumbukumbu ya aisi), 0x814E, lazima uiandikie sifuri. Usipofanya hivyo, aisi inabaki na mguso uleule wa kwanza, na fundi ataanza kuilaumu fleksi isiyo na kosa.

Mtu akiniuliza kama anaweza kubandika kioo cha kapasitivu juu ya pedi ya zamani, jibu ni kwamba kioo pekee hakifanyi kitu. Bodi ya asili inasubiri volti za waya nne, kwa hiyo unahitaji mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) katikati: inasoma nukta kutoka aisi mpya, inatazama ni tabaka lipi bodi imelipa volti, kisha inatoa volti inayolingana kwa njia ya kigeuzi cha biti 12 kinachogeuza namba kuwa volti. Inabidi pia iige hali ya kutoguswa, ambapo waya zinaachwa huru kabisa, kazi ya swichi ya analogi. Na ondoa filamu ya zamani. Ukiiacha, tabaka lake linakinga uwanja wa umeme wa kidole.

Adui mkubwa wa kapasitivu ndani ya pedi ni kelele ya umeme ya LCD, paneli ya picha iliyo chini yake. Ukigandisha kioo moja kwa moja juu ya LCD, picha inapendeza lakini kelele inapanda. Acha nafasi ya hewa ya milimita 0.5, au panga usomaji ufanyike LCD inapopumzika kati ya fremu. Kisha jaribu kwa chaja mbovu makusudi: kama miguso hewa (isiyo ya kidole) inatokea ukichaji na kutoweka ukichomoa, tatizo ni kelele ya chaja, nayo inatibiwa kwa kubadili masafa ya usomaji na kurekebisha graundi ya bodi.

Kuhusu msongo wa picha, singekwenda juu ya 1280 kwa 720. Hizo ni pikseli mara 2.25 ya za awali, na kila moja lazima ipite hewani kwenye 5 GHz ikiwa imebanwa kwa mbinu ya video ya H.264 kwa fremu 60 kwa sekunde, ifunguliwe, ionyeshwe. Bajeti ya wati 1.85 itavunjika ukienda zaidi, na betri kubwa inaturudishia zile gramu tulizokuwa tunazikimbia. Antena ziwe mbili, kwenye pembe za juu kushoto na kulia, nje ya eneo la viganja, ili mkono mmoja usizizibe zote.

Kuna jambo moja la programu linalosahaulika hadi dakika za mwisho. Skrini ikisogezwa karibu na mishiko ili pedi ipungue upana, kitako cha kidole gumba kinagusa ukingo wa kioo. Weka ukanda wa milimita 4 kila upande ambamo mguso unaoanzia humo haupokelewi, ila ule unaoanzia ndani na kutelezea humo unaendelea kuhesabiwa. Ukiufunga ukanda kabisa, anayeburuta kitu hadi mwisho wa skrini atakiona kimekwama milimita 4 kabla ya kufika.