Bustani iliyopangwa kwa ajili ya nyuki, sio ya mteja

Mimi kazi yangu ni kupanga bustani, na swali la wateja siku zote ni moja, "itapendeza?" Nyuki hakuna anayemuuliza. Ndo maana kazi ya msanii Alexandra Daisy Ginsberg wa Uingereza imenikaa kichwani sana. Inaitwa Pollinator Pathmaker, ya kwanza ilipandwa kwenye bustani za mimea za Eden Project kule Cornwall 2021, urefu mita 55, mwaka uliofuata ikapandwa nyingine Kensington Gardens, London, halafu 2023 ikafika Berlin.

Sasa usidhani kachonga sanamu akaizungushia maua, hapana, maua yenyewe ndo sanaa. Kaunda algoridhimu, yaani kanuni za kompyuta, inayochagua mimea ili wahudumiwe wachavushaji (wadudu wanaobeba chavua, ule unga wa maua) wa aina nyingi iwezekanavyo, nyuki, vipepeo, nzi, mbawakawa, na maua yapokezane msimu hadi msimu, halafu kuna wadudu wanaokariri njia ya kuzungukia maua na wengine hawana njia maalum, nao wamefikiriwa. Macho yetu sisi hayajapewa kura kabisa!

Na macho yetu yanadanganya jamani. Rangi nyekundu nyuki haioni kama sisi, kwake ni kama giza, ila urujuanimno (ultraviolet) anauona, na maua mengi yana alama za rangi hiyo zinazomwelekeza kwenye nekta, sisi hatuzioni. Nyekundu ni ya ndege, mwangalie chozi kwenye hibiskasi.

Niliwahi kupanda kipilefti kimoja waridi dabo, zile petali zimejaa kama kabichi. Tatizo la dabo ni kwamba stameni nyingi, vile vijiti vya katikati vinavyotoa chavua, zimegeuka kuwa petali, chavua inakuwa kidogo au hakuna, na penye nekta mdudu hapenyi. Nilichuchumaa pale nikaona nyuki anatua, anazungukazunguka juu ya petali, anaondoka. Hatua tatu tu pembeni kulikuwa na mrehani umejiotea wenyewe, umechanua vile vimaua vyeupe ambavyo mama zetu huvikata ili majani yasiishe, umejaa nyuki mpaka kashina kanatikisika.

Orodha ya mimea ya Ginsberg usiibebe ilivyo, ni ya baridi ya Ulaya, huku kwetu anza na mrehani na alizeti.

Mteja alipokuja kukagua akasifia waridi, kisha akanionyesha ule mrehani, "na hayo magugu utoe." Nikaung'oa na udongo wake, nikaenda kuupanda kwangu.