Kwa nini filta ya ndege haibadilishwi kama kipuri kingine

Ndege kubwa ya abiria yenye injini mbili imejengwa juu ya dhana kwamba hitilafu inayoiangusha injini moja haitaigusa ya pili. Kila injini ina pampu zake, kompyuta yake, mfumo wake wa oili na filta zake, na hesabu zote zinazoiruhusu ndege ya aina hiyo kuvuka bahari kuu usiku zinautegemea utengano huo. Filta ni miongoni mwa vipuri vichache vinavyoweza kuuvunja, kwa sababu mafuta yanayopita katika filta za injini zote mbili yamejazwa kwa mpira mmoja, kutoka gari moja, na mara nyingi mikono inayozibadilisha filta hizo ni ile ile. Mimi ni mhandisi wa matengenezo ya ndege, na katika orodha ndefu ya kazi za karakana hakuna kazi ndogo kwa bei ambayo naitaka ifanywe kwa uangalifu mkubwa kama hii.

Mafuta yakitoka kwenye tangi husukumwa na pampu ya shinikizo dogo, hupita katika kifaa kinachoyapasha joto kwa kutumia oili ya moto ya injini, huchujwa, kisha huingia kwenye pampu ya shinikizo kubwa na hatimaye kwenye vali inayopima kiasi cha mafuta kinachokwenda kuunguzwa. Sehemu zinazosogea ndani ya vali hiyo zina nafasi ya maikroni chache tu (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) baina yao, ilhali unywele wa binadamu una unene wa takriban maikroni 70, kwa hiyo uchafu usioonekana kwa macho unatosha kuikwamisha. Filta inapoanza kuziba, shinikizo la upande wa kuingilia hupanda kuliko la upande wa kutokea, na tofauti hiyo ndiyo inayowasha onyo kwa rubani. Katika mifumo ya haidroli, inayosukuma vifaa vya ndege kwa shinikizo la kimiminika, huchomoza pia kibonye chekundu ambacho fundi hukiona anapofungua kifuniko. Tofauti ikizidi kiwango, vali ya mchepuko hufunguka na mafuta hupita bila kuchujwa. Wabunifu waliamua hivyo kwa makusudi, kwa kuwa injini inayopata mafuta machafu ina nafasi ya kuendelea kufanya kazi, na isiyopata mafuta kabisa haina. Matokeo yake ni kwamba filta iliyoziba haiisimamishi injini, bali huacha kuilinda huku abiria wasihisi lolote. Ndiyo maana sikubaliani na hoja kwamba onyo la filta ni dogo kwa sababu injini bado inanguruma vizuri.

Tukio ambalo kila anayeshughulika na mafuta ya ndege anapaswa kulijua kwa undani ni la tarehe 13 Aprili 2010. Airbus A330 ya Cathay Pacific, safari namba 780, iliondoka uwanja wa Juanda, Surabaya, nchini Indonesia, kwenda Hong Kong ikiwa na abiria 309 na wahudumu na marubani 13. Mafuta yake yalikuwa yametoka kwenye mtandao wa mabomba yaliyofukiwa chini ya maegesho ya ndege, kupitia gari la kujazia lenye filta za aina maalumu zilizowekwa polima inayofyonza maji, ya jamii ile ile inayotumika katika nepi za watoto. Polima hiyo ikikutana na maji huvimba na kufunga njia, ili maji yasiifikie ndege. Mtandao ule ulikuwa umerefushwa muda mfupi kabla, maji yenye chumvi yakaingia, na ukarudishwa kazini bila kusafishwa ipasavyo. Chumvi iliizuia polima kufunga njia kama ilivyokusudiwa. Badala yake, chembe zake za mviringo zilitoka ndani ya filta na kuingia pamoja na mafuta katika tangi za ndege. Kifaa kilichowekwa kuulinda mfumo ndicho kilichouchafua.

Dalili zilikuwepo. Wakati wa kujaza, mpira wa mafuta ulitikisika na kazi ikasimamishwa na kuendelezwa zaidi ya mara moja. Baada ya kuruka, nguvu za injini zikaanza kuyumba. Ndege ilipokaribia Hong Kong, vali za kupimia mafuta za injini zote mbili zilikuwa zimekwama kwa chembe hizo, na injini zikaacha kuitikia mikono ya marubani. Injini ya kulia ilizunguka kwa asilimia 17 tu ya kasi yake, ya kushoto ikabaki karibu asilimia 70 na haikukubali kupunguzwa. Nahodha Malcolm Waters na rubani mwenzake David Hayhoe waliitua ndege ikikimbia kwa zaidi ya kilomita 420 kwa saa, wakati kasi ya kawaida ya kutua kwa ndege hiyo ni takriban kilomita 250. Matairi na breki ziliumia, abiria wakatoka kwa mitelezo ya dharura, na 57 kati yao wakajeruhiwa, lakini hakuna aliyekufa. Ustadi wa watu wale wawili unastahili kila sifa uliyopewa. Hata hivyo, usalama wa abiria 309 haukupaswa kuning'inia kwenye ustadi huo peke yake.

Jambo ninalolirudia kwa mafundi vijana ni kwamba chembe zile ziliziathiri injini mbili ndani ya safari moja. Filta za ndege yenyewe zilikuwepo, nazo zilikamata sehemu ya chembe hizo, lakini polima iliyovimba ni laini kama ute na haizuiliki kama mchanga au kutu. Kuwa na injini ya pili hakukusaidia, maana ya pili ilikunywa kile kile kilichonywewa na ya kwanza. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilichapisha mwongozo wa ugavi wa mafuta ya ndege unaojulikana kama Doc 9977, na katika miaka iliyofuata sekta nzima ikaamua kuziondoa filta za polima kwenye magari ya kujazia na kuweka nyingine zisizoweza kumwaga kitu kama hicho ndani ya mafuta. Uamuzi huo ulichukua muda mrefu kuliko ambavyo ningependa. Nauona kuwa sahihi, na hauwahusu watu wa mbali tu: A330 za RwandAir zinatumia injini za Trent 700, familia ile ile iliyokuwa kwenye ndege ya Cathay Pacific.

Kesi ya pili nitaieleza kwa ufupi. Tarehe 17 Januari 2008 Boeing 777 ya British Airways iliyotoka Beijing ilipoteza nguvu za injini zote mbili ikikaribia kutua Heathrow, ikaangukia kwenye nyasi kabla ya njia ya kurukia. Watu 152 walikuwamo na wote walinusurika. Barafu iliyojikusanya ndani ya mabomba ya mafuta katika safari ndefu yenye baridi ilibanduka kwa pamoja na kuuziba uso wa kile kifaa cha kupasha mafuta joto, ambacho kimewekwa mbele ya filta ili filta isizibwe na barafu. Vijibomba vyake zaidi ya 1,000 vilikuwa vimechomoza kwa milimita chache juu ya uso huo, na hapo ndipo barafu iliposhika. Mwezi Novemba mwaka ule ule, 777 ya Delta iliyokuwa ikitoka Shanghai kwenda Atlanta ilipoteza nguvu za injini moja kwa sababu hiyo hiyo. Rolls-Royce, mtengenezaji wa injini hizo, ilikisanifu upya kifaa ili vijibomba viwe sawa na uso, na mamlaka zikaagiza kibadilishwe katika ndege zote zenye injini za Trent 800, zikiwemo 777-200ER ambazo Kenya Airways ilikuwa ikizirusha kutoka Nairobi. Vifaa vingi vilivyotolewa havikuwa na ufa wala doa. Agizo la usalama wa ndege halisubiri kipuri chako kiharibike. Linakihukumu kwa usanifu wake.

Sasa nije kwenye ubadilishaji wenyewe, kwa sababu filta mpya na nzuri inaweza kuiangusha ndege ikifungwa vibaya. Tarehe 5 Mei 1983, Lockheed L-1011 ya Eastern Air Lines yenye injini tatu iliruka kutoka Miami kwenda Nassau ikiwa na watu 172. Usiku wa kuamkia safari ile mafundi walikuwa wamebadilisha, katika kila injini, kipuri chenye sumaku kinachonasa chembe za chuma ndani ya oili, na vyote vitatu vilifungwa bila pete za mpira za kuzuia kuvuja, zile ambazo mafundi huziita oringi. Oili ilivuja kutoka injini zote. Marubani waliizima injini ya kati mapema ilipopoteza shinikizo la oili, kisha mbili zilizobaki zikazimika, na ndege ikashuka hadi futi 4,000 hivi juu ya bahari kabla ya ile ya kati kuwaka tena na kuwarudisha Miami salama.

Kutokana na kisa hicho, oringi ya zamani hairudishwi kamwe, hata ikionekana nzima, na mpya husomwa tarehe yake kabla ya kuguswa, kwa kuwa mpira huzeeka ukiwa rafuni. Namba ya kipuri hulinganishwa na kitabu cha mtengenezaji herufi kwa herufi, na cheti chake huhakikiwa kwa aliyekitoa. Hili la cheti si urasimu: mwaka 2023 iligundulika kwamba vipuri vya injini za ndege za abiria aina ya CFM56 vilikuwa vimeuzwa katika nchi mbalimbali vikiwa na vyeti vya kughushi. Filta iliyotolewa haitupwi kwenye pipa. Hukaguliwa kwanza, na chembe zilizonaswa zikitia shaka hupelekwa maabara, kwani aina ya chuma kilichopatikana inaweza kutaja beringi au gia iliyoanza kulika.

Na muhimu kuliko yote, injini mbili za ndege moja hazibadilishiwi filta na fundi mmoja katika zamu moja pale inapowezekana kuepuka. Ya kushoto hubadilishwa leo, ndege inaruka, na ya kulia husubiri ukaguzi mwingine. Ratiba inapobana na kazi zote mbili zikalazimika kufanyika usiku mmoja, kila injini hupewa fundi wake. Asipokuwepo fundi wa pili, mkaguzi ambaye hakushika spana katika kazi ile huiangalia kila oringi kabla kifuniko hakijafungwa, kisha injini huwashwa na kukaguliwa kama inavuja kabla sahihi ya kuiruhusu ndege kuruka haijawekwa.