Gari la rezini halifyatuliwi kama tofali

Wiki hii nimeambiwa tena. Mteja wa Iringa, mtu mwenye adabu zake, aliona picha ya kigari cha mfano cha Peugeot 404 ya Safari Rally nilichokimaliza, kinachomiminwa kwa rezini (plastiki ya maji inayoganda), akauliza bei ya seti ya vipande vya kujiungia mwenyewe, nikamtajia. Akajibu: "Kaka, si moldi unayo tayari? Unamwaga tu, ni kama kufyatua tofali." Sina ugomvi naye. Ila maneno hayo nimeyasikia hapa Mbeya, Mwanjelwa na Uyole, nimeyasikia hata kwa mafundi wa gereji ambao wenyewe huwaka mtu akiwaambia "umegusa waya mmoja tu, mbona pesa nyingi." Leo nayajibu kwa kirefu ili safari nyingine nimtumie mtu andiko hili na nirudi kwenye msasa wangu.

Kisanduku cha kufyatulia tofali ni cha mbao au chuma, na udongo haukili. Moldi yangu, yaani kalibu ninamomiminia gari, ni ya silikoni inayonepa kama mpira, na rezini inaila. Tofauti ni hiyo, na bei yote inaanzia hapo.

Rezini ninayotumia ni poliurethani ya sehemu mbili. Ukizichanganya zinapata joto, na kabla mchanganyiko haujaganda, sehemu yake ndogo hupenya kwenye uso wa silikoni. Kila unapomimina, silikoni inapikwa kidogo na kunyang'anywa mafuta yake kidogo. Kopi za mwanzo hutoka laini, zinang'aa. Baadaye uso wa moldi unafifia, silikoni inakuwa kavu, inaanza kung'ang'ania gari. Mwisho inachanika, na siku zote huchanika pale palipo pembamba: ulimi unaopita kati ya grili na bampa, au kona ya ndani ya nguzo ya kioo cha mbele. Wamiminaji wengi hutaja kopi 20 hadi 50 kwa moldi moja. Kwa bodi yenye mabonde ya ndani kama ya gari, tegemea upande wa chini wa hesabu hiyo. Baada ya hapo unatengeneza moldi mpya, kwa silikoni mpya, iliyosafiri kwa basi kutoka Dar na kununuliwa kwa kilo.

Kuna kipindi kibaya zaidi kuliko kuchanika, nacho wauzaji wengi hawakisemi. Moldi ikiwa imechoka lakini bado nzima, inatoa gari ambalo kwenye picha ya simu linaonekana sawa kabisa. Ukilishika mkononi ndipo unaona chembe za silikoni zimebaki ndani ya grili, mistari ya milango imepoteza makali, paa lina ukavu kama ganda la yai. Gari hilo mnunuzi atalisugua kwa msasa hadi achoke. Mimi kopi za aina hiyo nazikata kwa majaribio ya rangi. Nazo ziko ndani ya bei.

Kwa nini moldi mbili zilizotoka kopo moja, siku moja, moja inaishi mara mbili ya mwenzake? Nina dhana zangu. Naamini kuipumzisha moldi usiku kucha kunasaidia, kwa sababu kilichopenya kinapata nafasi ya kutoka. Naamini pia kwamba poda ya mtoto ninayoipuliza ndani kabla ya kumimina inaivuta rezini iingie kwenye kona. Lakini ukiniambia nithibitishe, sina cha kukuonyesha zaidi ya mazoea. Huenda anayepuliza poda ni mtu makini tu, na umakini ndio unaoleta gari zuri.

Sasa pampu. Hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu hakuna kinachoniudhi kuliko hili.

Silikoni ikishakorogwa inajaa hewa, na hewa hiyo hutolewa kwa kuiweka ndani ya chungu kilichofungwa na kuifyonza kwa pampu ya vakyumu, ileile wanayotumia mafundi friji. Vijana wanajifunza kwenye video zilizopigwa na watu wanaoishi usawa wa bahari. Video inasema geji ifike 29, yaani inchi 29 za zebaki. Kijana wa Mbeya anawasha pampu yake, mshale unasimama kati ya 24 na 25, anaambiwa pampu ni mbovu. Anakaza mipira, anapaka grisi kwenye mfuniko, anabadilisha oili, mshale haupandi. Anaiuza kwa bei ya hasara na kuagiza nyingine kubwa zaidi. Mshale unasimama palepale.

Ndugu zangu, geji ya mshale haipimi kilichobaki ndani ya chungu. Inapima tofauti kati ya ndani na nje. Dar es Salaam hewa ya nje inakandamiza kwa kilopaskali 101 hivi, sawa na karibu inchi 30 za zebaki, kwa hiyo chungu kikiwa kitupu kabisa mshale unakaribia 30. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ya nje ni kilopaskali 82 au 83. Chungu kikiwa kitupu kabisa, tofauti yote iliyopo duniani kwa hapa tulipo ni inchi 24 na nusu. Hakuna pampu, hata ya bei gani, itakayokutolea hewa ambayo haikuwepo. Njombe mshale utasimama chini zaidi, Iringa juu kidogo. Na kinachoondoa mapovu ni utupu uliobaki ndani, ambao kwa pampu ileile ni uleule, uwe mlima Loleza hapa Mbeya au Kigamboni kule Dar.

Achana na mshale, tazama silikoni. Itapanda kama maziwa yanayotaka kumwagika, hivyo chombo kiwe kikubwa angalau mara nne ya ulichomimina. Kisha itaanguka yenyewe. Ikishaanguka na kutulia, mapovu machache madogo yakipasuka juu, kazi imekwisha.

Rezini yenyewe siiweki kwenye vakyumu. Inaanza kushika ndani ya dakika chache, muda hautoshi. Naimimina, nafunga moldi ndani ya mtungi wa presha, naipandisha bar 4 kwa kompresa na kuiacha igande humo. Mapovu hayatoki, yanabanwa hadi jicho lisiyaone. Na hapa nyanda za juu zinatupa zawadi ambayo sijasikia mtu akiitaja: kwa bar 4 hizohizo za geji, povu la Mbeya linabanwa karibu mara sita, la Dar karibu mara tano, kwa kuwa letu lilianzia kwenye hewa nyepesi. Hesabu ni sahihi. Kama tofauti hiyo inaonekana kwenye boneti la gari, kwa kweli mimi sijaweza kuiona.

Moldi itakayotumika kwenye presha nayo igandishwe kwenye presha. Usipofanya hivyo, mapovu yaliyojificha ndani ya silikoni yatabonyea rezini ikiwa bado maji, na boneti litatoka na vipele. Na mtungi uwe uliotengenezwa kwa presha, kama ule wa wapaka rangi, wenye valvu ya usalama. Sufuria iliyofungwa kwa boliti ni bomu.

Hali ya hewa. Poliurethani na maji hazipatani: sehemu yenye isosayaneti ikikutana na unyevu inatoa kaboni dioksaidi, na gari linaumuka kama andazi. Masika yetu ya kuanzia Novemba hadi Aprili ni vita. Kopo lifungwe mara tu ukishamimina, na usikorogee kijiti cha mti, kwa sababu mti unabeba maji. Juni na Julai adui ni baridi. Watu hudhani baridi inachelewesha tu. Bodi nene itajipasha moto yenyewe na kuganda vizuri, lakini kioo cha pembeni au wiper, vitu vyembamba kama njiti, havina uzito wa kujipasha, vinabaki vimeiva nusu na vinavunjika vikiguswa. Mimi moldi nazipasha kwenye sanduku lenye balbu ya zamani ya waya kabla ya kumimina.

Mvuke wa isosayaneti unaweza kukuachia pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu, tafuta yenye vichujio vya kemikali, na msasa uwe wa maji ili vumbi lisiruke. Glavu za mpira wa kawaida na plastisini yenye salfa zinazuia silikoni ya platini (aina inayogandishwa kwa platini) isigande, tumia glavu za naitraili. Uwiano wa kuchanganya soma kwenye kopo, maana uwiano wa ujazo si lazima uwe wa uzito. Na ndiyo, printa ya 3D ninaitumia, kwa kutengeneza vipande vya masta, gari la asili linalotolewa moldi, na mistari yake bado naifuta kwa mkono.

Masta ndiyo gari la kwanza, lile moja linalozaa mengine. 404 halisi ina urefu wa takriban mita 4.4. Kwa kipimo cha 1/43 inakuwa kama sentimita 10, inaenea kiganjani. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania, alishinda nayo Safari mwaka 1966 na 1967, na watu wanaoijua gari hiyo wanaijua hasa: zile taa za ziada mbele, mstari wa paa unavyoshuka nyuma, mikia miwili ya pembeni. Uwazi wa mlango kwenye gari halisi tuseme ni milimita 5. Ukigawanya kwa 43 unapata milimita 0.1 na kidogo. Ukichora mstari wa upana huo, rangi ya msingi inauziba wote, mlango unapotea. Kwa hiyo lazima udanganye: unauchora mara mbili au mara tatu ya haki yake. Lakini ukizidisha kidogo tu, gari linageuka la kuchezea watoto. Kiasi gani ndicho sawa? Nimebadilisha mawazo mara kwa mara na nitabadilisha tena. Kazi hii haina moldi. Ni jicho, sindano, puti na kurudia.

Ndiyo maana ombi linaloniumiza kuliko la kupunguziwa bei ni hili: mtu ananitumia picha ya seti ya fundi wa Ufaransa au Italia, ananiambia "nunua moja, itolee moldi, tuuze." Mbali na kwamba ni kumwibia mtu jicho lake, gari litakalotoka si lilelile. Silikoni ya bati, ile aina nyingine inayogandishwa kwa bati, inasinyaa, nyingine hadi karibu asilimia 1, na rezini nayo inasinyaa kwa upande wake. Kopi ya kopi inaweza kupoteza milimita 2 kwenye sentimita 10. Rudisha hiyo kwenye gari halisi: ni karibu sentimita 9. Magurudumu hayaingii kwenye matao, vioo havikai, vipande vya brasi vya seti ya asili vinazidi pande zote. Na haisinyai sawasawa, maana paa nene na nguzo nyembamba haziendi pamoja, hivyo hata kuikuza kwa asilimia hakutainyoosha.

Kwa hiyo jibu langu kwa seti za watu ni hapana. Nitumie picha za gari lenyewe. Kama mzee wako alisimama kando ya barabara na kamera enzi za Safari, natafuta upande wa nyuma wa 404 zile, buti na bampa zikionekana, hata kama picha imechakaa. Za mbele ninazo za kutosha.