Rumba tunayocheza Dodoma haikuzaliwa na rumba ya Cuba

Kwenye kumbi za dansi hapa Dodoma husemwa tangu zamani kwamba rumba ya Kongo imetokana na rumba ya Cuba. Sivyo. Mzazi wake hasa ni son, muziki mwingine wa Cuba, wenye gitaa. Rumba ya Cuba ni ngoma, vijiti na sauti, bila gitaa. Jina lilivurugwa na lebo za santuri: El Manisero, son iliyorekodiwa 1930, iliuzwa kama rumba.

Jipime kwa makofi. Hesabu 1 hadi 16, piga 1, 4, 7, 11 na 13: ndiyo klave ya son, yaani mpigo wake wa msingi. Kofi la tatu likitoka 7 kuhamia 8, umeingia rumba ya Cuba. Wengi huteleza kofi la nne, hulipiga 10 badala ya 11, maana mkono umeshazoea kuruka tatu tatu. Kanyaga mguu 1, 5, 9, 13. Utakutana na kofi kwenye 1 na 13 tu.