Kulala kituoni si kutiwa hatiani

Kila tangazo la kuandikisha vijana jeshini likitoka, barazani kwetu Chake Chake, Pemba, hatukosi mtu wa kusema, "Fulani hapati, ana jinai." Safari hii msemaji alikuwa mama wa nyumba ya pili, na huyo fulani ni mwanawe wa kumzaa. Nikamuuliza kijana kafanya nini. "Walipigana mpirani, akalala kituoni usiku mmoja." Asubuhi baba yake akaenda, wakapatanishwa, wakarudi nyumbani. Hakuna shitaka lililoandikwa wala hakimu aliyemuona. Na bado mama anamwita mwenye jinai, tena kwa sauti, mbele ya watu ambao kesho sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwetu, atawauliza habari za kijana huyo.

Maana zenyewe ni fupi. Jinai ni kosa ambalo dola ndiyo inayomshitaki mtu, liwe dogo au kubwa. Deni, mpaka wa shamba na talaka hazimo, hizo ni za madai au za kadhi. Hatia ni uamuzi wa mahakama kwamba mtu huyo kosa hilo kweli kalitenda. Matangazo ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) huulizia hatia ya jinai. Hayaulizi kama umewahi kukamatwa.

Sasa maneno yenyewe. Jinai tumeipokea kwa Waarabu, jinaya, na mzizi wake ni wa kuchuma tunda mtini. Aliyesoma Suratu Rrahman amepita juu yake: matunda ya zile Pepo mbili yametajwa kwa mzizi huohuo. Kutoka kuchuma tunda neno likaenda kwenye kuchuma dhambi, kama tunavyosema sisi wenyewe, kisha likaingia mahakamani. Mpemba hahitaji kufafanuliwa hapo: mikono inayochuma karafuu za halali ndiyo hiyohiyo inayochuma za mwenziwe. Kwa Wamisri sheria inayapanga makosa kwa uzito, jinaya ni zito, junha la kati, mukhalafa dogo kabisa. Sisi hizo mbili za chini hatukuzichukua. Tumebaki na jinai peke yake inayofunika yote, ndiyo maana aliyeiba pishi ya mpeta, zile karafuu zilizopevuka mno mtini, na aliyevunja duka la watu wanaitwa jina moja. Khofu ya yule mama imetoka hapo, na simlaumu sana.

Hatia nayo ni khatia, na wako wazee wanaoitamka na kh yake mpaka leo. Asili yake ni kukosea, na mzizi huo husemwa hata kwa mrusha mshale aliyekosa shabaha. (Neno zuri la kumpimia askari, lakini tuliache hilo.) Kinachoniudhi ni kuligeuza kuwa jina jengine la tuhuma. Isikilize sarufi: mtu hutiwa hatiani. Hutiwa, yaani yuko anayemtia. Na ile -ni ya mwisho ni ya mahali, kama shambani, kama kisimani. Haingii mwenyewe, hata akikiri. Akikiri, bado hakimu ndiye wa kumtia. Polisi hawezi, sheha hawezi, jirani hawezi, ingawa jirani ndiye anayejaribu kuliko wote.

Upande wa pili nako kuna wanaojitoa hatiani wenyewe. Kijana kakamatwa na pikipiki ya Vespa bila leseni, kafikishwa mahakamani, kakiri, kalipa faini, kabla ya adhuhuri keshafika kwao. Ukimuuliza atakwambia, "Mimi sina hatia, nililipa faini tu." Faini ya mahakama ni adhabu, na adhabu hufuata hatia. Wali wa Chuo cha Mafunzo hakuuonja, lakini hatia anayo. (Kwa wageni: Chuo cha Mafunzo kwetu ni jela, na wafungwa wake huitwa wanafunzi. Kijana asije akakijaza kwenye sehemu ya elimu.)

Kwa huyu wa Vespa ndipo tangazo linapohitaji kusomwa neno kwa neno. Yako yanayotaka mwombaji asiwe amepatikana na hatia ya jinai, yakaishia hapo. Yako yanayoongeza "na kufungwa", na maneno mawili hayo kwake ni makubwa kuliko cheti cha kidato cha nne. Tena JWTZ ni jeshi la Muungano, tangu 1964, na KMKM (cha kuzuia magendo), JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), Valantia, Zimamoto na hicho Chuo cha Mafunzo ni vikosi vya SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, vyenye matangazo yao. Usisome moja ukamjibia mtu anayeomba jengine. Na fomu ikiuliza, asifiche; alama za vidole hazisahau.

Halafu mstari huohuo wa tangazo huwa na neno ambalo watu hulipita mbio: mwenendo. Hili halina hakimu. Linatokana na kwenenda, namna mtu anavyokwenda siku zote. Hatia ina tarehe na namba ya kesi, mwenendo hauna. Sheha akiulizwa, huulizwa huu. Kijana anaweza kuwa hana hatia hata moja na sheha akasita kumwandikia barua, kwa sababu kila usiku yumo kwenye moshi wa bangi nyuma ya skuli. Na mwengine akawa na ugomvi mmoja wa mpirani, ukasuluhishwa, na barua akaipata siku hiyohiyo. Ukimwita huyu wa pili mwenye jinai, mahakamani hukumbadilishia kitu, maana huko hajulikani. Umemharibia kwenye mwenendo, kwa neno ambalo halikuwa la huko.

Yule mama ni mkubwa wangu, kwa hiyo nilimwambia taratibu: "Bi mkubwa, mwanao hana jinai wala hatia. Ukiulizwa, sema alikamatwa kwa ugomvi, akaachiwa bila kushitakiwa."

Akanitazama. "Na hiyo si ndiyo jinai?"

Siyo, nikamwambia, nikasogea karibu, nikaanza upya kwenye tunda.