Ushuru wa nyumba Kenya: nani mnafiki? Tunayorushiana na ukweli wenyewe

Kila mwisho wa mwezi payslip zikitoka ugomvi unaanza upya. Huyu anasema makato ya nyumba, ile asilimia 1.5 ya mshahara ya kujenga nyumba za bei nafuu, ni wizi wa Kenya Kwanza, yaani mrengo wa Rais Ruto, yule anajibu ati nyinyi wa Uhuru ndio mlikalia serikali miaka kumi na hamkujenga hata choo, inaenda hivyo hivyo mpaka mtu anaulizwa kwao ni wapi na stori inaishia hapo. Mimi sina mrengo wa kutetea hapa, ila kuna maneno yanarudiwa na pande zote mpaka yameshika, na mengine si kweli kabisa, mengine ni nusu tu ya ukweli.

Dhana: Ushuru wa nyumba ni uvumbuzi wa Ruto

Wapi. Hii kitu ilizaliwa 2018, Uhuru akiwa rais na Ruto akiwa naibu wake. Uhuru alikuwa ametangaza Ajenda Nne Kuu Desemba 2017 na moja kati ya hizo nne ilikuwa nyumba 500,000 kufikia 2022. Sheria ya Fedha ya 2018 ikaweka makato ya asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 kwa mwajiri, zote pamoja zisipite shilingi 5,000 kwa mwezi. COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi, wakakimbia kortini, makato yakasimamishwa, baadaye yakageuzwa kuwa ya hiari, na zile nyumba laki tano zikabaki kwa hotuba. Zilizokamilika zilikuwa maelfu machache tu, za Park Road pale Ngara ndizo watu wengi wanazitaja.

Kwa hivyo mtu wa Jubilee, chama cha Uhuru, akikuapia leo ati chama chake hakingewahi kugusa mshahara wa mtu, mkumbushe 2018. Na wa UDA, chama cha Ruto, akisema wao ndio wa kwanza kumfikiria hasla, yaani mtu wa kipato cha chini, mkumbushe pia, namba mbili wa ile serikali si unamjua.

Tofauti ipo moja na ni kubwa, ya 2018 ilikuwa na kikomo na hii ya sasa haina, ukipata milioni kwa mwezi unakatwa elfu kumi na tano na mwajiri wako anaongeza zingine kama hizo.

Dhana: Ni akiba yangu, siku moja nitarudishiwa ama nitapewa nyumba

Hapa ndipo watu wamechanganywa zaidi, na siwalaumu. Mswada wa Fedha wa 2023 ulipofika bungeni ulikuja na asilimia 3 kwa mfanyakazi na 3 kwa mwajiri, na ikauzwa kama mchango, yaani pesa ni zako, usipopata nyumba unaweza kuzitoa baada ya miaka saba ama ukistaafu. Watu wakapiga kelele ile asilimia 3 ni nyingi. Kamati ya fedha ya bunge ikaketi, ikatoka na asilimia 1.5, watu wakashangilia kwamba wamesikizwa, kumbe mahali hapo hapo mchango umegeuzwa ushuru. Ushuru haurudishwi. Bei ilishuka nusu lakini haki ya kudai pesa yako ikaondoka yote, na wengi hawakuona mpaka leo.

Chukua mlinzi wa geti anayelipwa 30,000 kabla ya makato. Anakatwa 450, mwajiri analipa 450 nyingine kwa jina lake, hiyo ni 900 kwa mwezi na 10,800 kwa mwaka. Kulipa huko peke yake hakumweki kwenye foleni yoyote. Akitaka nyumba lazima ajiandikishe mwenyewe Boma Yangu, ule mtandao wa serikali wa kuomba nyumba, aanze kuweka dipoziti kando na ule ushuru, achague aina ya nyumba, halafu angoje kugawiwa. Asipofanya hivyo atakatwa mpaka astaafu na nyumba zitaingiwa na wengine.

Kuna wanaotetea kwa kusema ni kodi kama kodi zingine, barabara unalipia na hupewi kipande chako. Sawa, hiyo hoja inasimama. Lakini basi iwe hiyo hiyo kila mahali, si kortini iwe kodi na kwa mkutano wa hadhara iwe akiba ya mwananchi.

Dhana: Nyumba zimechelewa kwa sababu ya upinzani na makorti

Tarehe zenyewe zinasema vingine. Makato yalianza Julai 2023. Novemba 28 mwaka huo majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema ushuru unaenda kinyume cha Katiba, kwanza kwa sababu haukuwa na sheria kamili ya kuusimamia, pili kwa sababu ulibagua, unakata wenye payslip na kuwaacha wengine. Hata hivyo serikali ilipewa muda na ikaendelea kukata. Mahakama ya Rufaa ndiyo ilikataa kuongeza muda Januari 26, 2024, na Machi 19 Ruto akatia sahihi Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, makato yakarudi. Hesabu mwenyewe, ushuru ulisimama chini ya miezi miwili. Oktoba 2024 Mahakama Kuu ikasema hiyo sheria mpya haivunji Katiba.

Shida ya pesa haikuwepo. Sehemu ya zile pesa zilizokusanywa ilikaa imewekwa kwa treasury bills, yaani serikali inajikopesha pesa tulizokatwa za nyumba. Mwaka wa fedha wa 2024/25 makusanyo yalipita shilingi bilioni 70. Ukiniuliza, mtu mwenye pesa nyingi hivyo kwa akaunti hana haki ya kuelekeza kidole kwa Okiya Omtatah, seneta aliyeupeleka ushuru kortini, na kesi zake.

Dhana: Sisi tuliipinga na hatukubadilika

Ehe. Juni 2023 Mswada wa Fedha ulipita hatua ya pili kwa kura 176 dhidi ya 81, na Azimio, mrengo wa upinzani wa Raila Odinga, walikuwa kwa zile 81. Mwaka mmoja baadaye Gen Z wakaingia barabarani, wakafika mpaka bunge Juni 25, 2024, mswada mwingine wa fedha ukaondolewa, baraza la mawaziri likavunjwa, na Julai hiyo hiyo watu wanne wakubwa wa ODM, chama cha Raila, wakatajwa kuwa mawaziri: Hassan Joho, Wycliffe Oparanya, Opiyo Wandayi, na John Mbadi aliyepewa Hazina Kuu. Hazina Kuu! Ushuru ambao mrengo wake uliupinga, sasa bajeti yake inapita mezani kwake.

Upande ule mwingine nao vilevile. Rigathi Gachagua alikuwa naibu rais wa serikali iliyopitisha huu ushuru, akaondolewa Oktoba 2024, na tangu hapo ukimsikia utadhani mwaka wa 2023 alikuwa anaishi nchi nyingine. Wafuasi wao nao wanahama nao, mtu aliyekutukana mwaka jana kwa kulalamika leo anakutukana kwa kutolalamika vya kutosha.

Dhana: Ni serikali yao inayobomolea watu, si yetu

Moi alibomoa Muoroto, mtaa wa mabanda Nairobi, 1990 na watu walilala nje. Uhuru alibomoa Kibra Julai 2018 kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na kumbuka handshake, yale maridhiano ya Uhuru na Raila, ilikuwa Machi mwaka huo huo, ndiyo maana wakubwa wa Kibra sauti zao zilikuwa chini siku ile. Mei 2020, Korona imefunga kila kitu na watu wanaambiwa wakae nyumbani, tingatinga zikaingia Kariobangi. Novemba 2021 ikawa zamu ya Mukuru kwa Njenga, barabara tena. Halafu 2024 baada ya mafuriko, serikali ya hasla ikabomoa kando ya mito kule Mathare na Mukuru, mita 30 kutoka mtoni, na walioondolewa wakaahidiwa shilingi 10,000 kila familia ya kutafuta pa kuhamia. Elfu kumi Nairobi ni rent ya mwezi na dipoziti ya chumba cha mabati, na pikipiki ya kubeba godoro, imeisha.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao yanayofaa. Kila aliyebomoa baada ya hapo aliapa kuilinda.

Dhana: Wakimaliza kujenga, mitaa ya mabanda itaisha

Mjengo upo, tusiseme uongo. Mei 2025 familia za kwanza ziliingia nyumba za Mukuru, na kile chumba kidogo kabisa ni 3,900 kwa mwezi, unalipa kidogo kidogo mpaka kinakuwa chako. Ukilinganisha na chumba cha mabati cha elfu tatu ambacho maji unanunua kwa mtungi na choo mnashindania ploti nzima, hiyo si bei mbaya hata kidogo, na anayesema hakuna kilichojengwa aende Mukuru aangalie.

Ila weka namba pamoja. Benki ya Dunia ilishasema 2017 kwamba miji yetu inahitaji karibu nyumba 250,000 kila mwaka na zinazojengwa hazifiki 50,000, na upungufu uliorundikana umepita milioni mbili. Kenya Kwanza waliahidi kufikisha 250,000 kwa mwaka. Mogeji, yaani mikopo ya benki ya kununua nyumba, nchi nzima zinazungukia elfu thelathini tu, nchi ya watu zaidi ya milioni hamsini. Maana yake ni kwamba hata mwenye mshahara mzuri ananunua kwa keshi, kwa sacco ama anajenga kidogo kidogo ushago, na huko mjini tunabaki kupanga.

Na kuna historia ambayo pande zote zinaruka. Soweto Mashariki, Kibra. Mradi ulianza enzi ya Kibaki pamoja na UN-Habitat, 2009 wakazi wakahamishwa kwa muda kwenye ghorofa za Lang'ata, Raila akiwa waziri mkuu. Nyumba 822 zikakabidhiwa 2016, Uhuru ndani. Serikali mbili, miaka zaidi ya kumi, nyumba 822. Na baada ya hapo? Kuna waliopewa ambao walikodisha vyumba ama nyumba nzima kwa watu wenye mshahara mzuri zaidi, wakarudi kwa mabati kwa sababu ile rent inayoingia ndiyo inalipa shule. Mimi siwezi kumuita mtu kama huyo mjinga.

Dhana: Landlodi wa mabanda ni maskini mwenzetu

Wengine ndio. Lakini utafiti wa 2002 uliohoji wenye vibanda Nairobi ulikuta zaidi ya nusu yao ni watumishi wa serikali na wanasiasa. Hawaishi pale, wana mtu wa kukusanya. Ile ripoti ya tume ya Ndung'u ya 2004 nayo ilionyesha ardhi ya umma ilivyogawanywa kwa wenye nguvu, na ikataka maelfu kwa maelfu ya hati zifutwe. Imekaa kwa kabati chini ya Kibaki, Uhuru na sasa Ruto. Hapa hakuna kelele ya mirengo kwa sababu hakuna mrengo usio na wenye ploti ndani yake.

Ndiyo maana pia hamsikii mtu akitaja sheria ya rent. Ipo, ya tangu 1959, na ina mahakama yake ya kodi ya nyumba ambayo inaweza kumzuia landlodi kupandisha anavyotaka ama kukutoa bila utaratibu. Tatizo ni kwamba inamlinda mpangaji ambaye rent yake haipiti 2,500 kwa mwezi. Bedsita ya 2,500 Nairobi utaitoa wapi? Mswada wa kuibadilisha uliletwa bungeni 2021, na haukupigiwa hata robo ya kelele tuliyopigia ule wa Fedha wa 2023.